Kutua Nanyuki

Jumamosi, 2 Julai 2005

Baridi ya kukata masikio. Ukungu mpaka dirishani. Usukani wa ndege yangu ya kompyuta unavuta kushoto tena. Nimeufungua, nimepangusa vumbi, nimeupima upya. Pedali ziko sawa. Kadi ya picha ya kompyuta aliyoniletea mpwa wangu kutoka Marekani inatoa joto kama jiko. Paka amehamia nyuma ya kompyuta na hataki kutoka.

Nimeruka kutoka Nyeri hadi Nanyuki kabla ya chai. Wangari kiti cha kulia, kama kila Jumamosi tangu mama yake afariki. Yeye husoma ukaguzi, mimi hujibu. Mafuta? Yako. Taa? Ziko. Mlango? Umefungwa. Hajui kurusha na hataki kujua, lakini siku akikosekana natua vibaya. Mlima ulikuwa wazi upande wake, theluji na yote. Mandhari hayo nimeyachora mwenyewe, miaka miwili, jiwe kwa jiwe. Watu wa Nanyuki na Timau huja hapa nyumbani kununua CD yake, na pedali ninazouza. Mlima uliokuja na programu ulikuwa kichuguu cha kijani. Aibu tupu.

Baada ya kutua Wangari akasema kuna mtu angetaka kuja kunisalimu. Mtu gani? "Mtu tu, Baba." Nimezima mashine.

Jumapili, 3 Julai

Anaitwa Barasa. Polisi. Yuko kituo cha Chaka. Kwao Bungoma. Sikumaliza chakula.

Jumamosi, 9 Julai

Amekuja. Mrefu, viatu vinang'aa, amevua kofia tangu langoni. Kaleta sukari na mkate. Kaniita mzee wangu mara nyingi kuliko nilivyohitaji. Simpendi. Hajanikosea lolote, na hilo linazidi kuniudhi.

Polisi huhamishwa. Leo Chaka, kesho Lodwar. Akihamishwa atamhamisha na binti yangu. Mimi nibaki na nani? Na paka? Nilistaafu posta, nikamzika mke wangu, nikabakiwa na Wangari na ndege. Ndege bila Wangari ni meza yenye nyaya.

Baada ya chai aliona mashine. Alisimama mbele yake kama mtu aliyeingia kanisani. "Mzee wangu, hii kitu inaweza kunifundisha?" Wangari alicheka. Kicheko ambacho sijakisikia hapa nyumbani tangu msiba.

Hapo ndipo wazo lilinijia. Nikasema, na nilisema kwa upole: kwetu mtu haji kuomba binti mikono mitupu. Wengine huombwa mbuzi, wengine mablanketi. Mimi nataka kitu kimoja. Siku watu wenu watakapokuja kuona nyumbani, utakaa kwenye kiti hiki, utaruka kutoka Nyeri na kutua Nanyuki mbele ya wote. Ukitua, tutazungumza ruracio, mahari ya kwetu. Ukianguka, hatuzungumzi.

Akadhani ni utani. Wangari alijua si utani. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Jumatatu, 11 Julai

Nimempa Barasa kitabu. Cha Kiingereza, kilikuja pamoja na programu. Kizuri, kina picha. Kimeandikwa na watu wanaoishi karibu na bahari. Kinasema ukikaribia uwanja, shuka hadi futi elfu moja, zunguka, kisha utue. Huko kwao ni sawa kabisa. Hapa kwetu ardhi yenyewe iko juu ya futi elfu sita. Anayetafuta futi elfu moja Nanyuki atazitafuta chini ya udongo.

Sikumwambia. Nimemwonya Wangari pia: ukimfundisha neno moja, nitafunga mlango na hatakanyaga hapa. Kaenda kukamua ng'ombe.

Jumamosi, 16 Julai

Sijacheka hivi kwa miaka. Kwanza alishindwa hata kuruka. Kitabu kinasema mafuta wazi kabisa wakati wa kuondoka. Kwenye hewa yetu nyembamba injini inasongwa na mafuta. Ndege ikakohoa mpaka mwisho wa uwanja na kuingia kwenye ua. Mara nne.

Mara ya tano nilimrekebishia mafuta mwenyewe, kwa sababu nilitaka kuona yale mengine. Akafika Nanyuki. Akaanza kushuka kutafuta futi elfu moja. Mita ya urefu inasoma futi elfu saba. Anashuka. Elfu sita na mia tano. Anashuka, anaangalia kitabu, anaangalia mita, anashuka. Puu, ndani ya ngano. Akageuka kuniuliza kama mashine imeharibika. Nikamwambia mashine ni nzima.

Kinyua alikuwepo. Yeye ndiye rafiki yangu wa ndege, mkulima wa ngano wa Timau, ana usukani mzuri kuliko wangu. Tulicheka mpaka akapaliwa na chai. "Ati polisi anatafuta uwanja chini ya shamba langu!" Barasa naye akacheka. Hilo liliniharibia siku. Mtu anayechekwa anapaswa kukasirika.

Jumamosi, 23 Julai

Kaanguka tena, na tena. Anaamini kilichoandikwa. Nadhani ni kazi yake inayomfanya hivyo. Wangari alikaa jikoni muda wote. Nilimwita aje anisomee ukaguzi jioni. Kasema kichwa kinamuuma.

Ijumaa, 29 Julai

Wazee wake watakuja tarehe 13 Agosti. Baba, mama, ami mmoja. Safari ya siku nzima kutoka Bungoma. Nimemwambia Wangari tutachinja mbuzi. Kafurahi, kanishika mkono. Karibu nimwambie kuhusu futi elfu moja.

Sikumwambia.

Jumamosi, 30 Julai

Leo Barasa ametua.

Vibaya, amerukaruka kama chura, lakini ametua. Jumatano alikuwa na mapumziko, akaenda Nanyuki mwenyewe na kusimama nje ya uwanja wa ndege wa kweli. Kuna kibao kinachoandika urefu wa mahali. Akakisoma. Akarudi, akatoa kalamu, akaongeza futi elfu sita kwenye kila ukurasa wa kitabu changu. Kitabu changu! Kisha akatua mara mbili mfululizo.

Wangari alitoka jikoni mikono ikiwa na unga, akapiga kelele. Akakaa kiti cha kulia. Kiti chake. Akamsomea yeye ukaguzi. Mafuta? Taa? Mlango? Na yeye anajibu kwa Kiswahili chake cha Bungoma.

Nimeogopa. Naandika hivyo hivyo. Nimeogopa kuliko siku ile mke wangu alipofia hospitali.

Jumanne, 2 Agosti

Nimepanda hadi Timau kwa Kinyua. Nimeazima CD yake ya hitilafu. Ni programu ya nyongeza ya marubani wanaotaka kujifunza shida: unachagua kitu gani kiharibike, na wapi. Injini, taa, redio, breki. Kinyua kauliza naitakia nini. Nikasema kujinoa. Kaniangalia sana, lakini akanipa.

Injini haifai. Injini ikizima kila mtu anasikia, na mtu atamhurumia. Nimechagua mita ya urefu. Itakwama akivuka Naro Moru, njiani. Sindano itasimama pale pale, nzuri, imetulia, naye atadhani bado yuko juu. Nikaongeza ukungu mzito wa Julai. Nimejaribu mwenyewe mara tatu. Nimeanguka mara tatu.

Nimelala vizuri.

Alhamisi, 11 Agosti

Wangari kasuka nywele. Kapaka ukuta wa sebule chokaa. Nimeleta spika kubwa kutoka dukani, zile zenye boksi la besi, na programu ya sauti: injini, matairi, upepo, ajali. Wageni wasikie vizuri.

Jumapili, 14 Agosti

Naandika ya jana.

Walifika saa saba mchana, wamechoka, wametoka Bungoma usiku. Baba yake ni mzee mfupi mwenye fimbo, alikuwa fundi wa baiskeli. Mama yake kavaa nguo ya kanisa na amebeba kuku wawili mapajani tangu Bungoma. Wangari aliwapokea vizuri mno. Mbuzi alikuwa tayari, mukimo, njahi, chapati. Kabla ya kula nikasimama. Nikasema kwetu kijana huonyesha kwanza, halafu watu hula. Uongo. Hakuna desturi kama hiyo. Kinyua aliangalia chini.

Barasa kakaa. Suti. Jasho kwenye paji. Nimemweleza mama yake, pole pole, kwamba yule aliye ndani ya ndege ni mwanawe, na akikosea anaanguka. Nilitaka aelewe. Hajawahi kuona kompyuta kwa karibu. Alisogeza kiti mpaka magoti yakagusa meza.

Aliruka vizuri. Lazima niseme. Aliondoka Nyeri safi, akasawazisha, Wangari akimsomea. Walikuwa wakitabasamu. Naro Moru ikapita. Sindano ikasimama. Ukungu ukafunga.

Yeye hakuona. Wangari aliona. Miaka yote ameketi karibu na mita ile, anajua haitulii namna hiyo. Aliiangalia, akaniangalia mimi. Akasema, "Baba." Mara moja tu. Nilikunywa chai. Alipomgeukia Barasa amwambie, mti ulikuwa tayari umetokea kwenye ukungu.

Spika zilifanya kazi yake. Vyuma, vioo, yote. Halafu kimya, na skrini nyekundu. Mama yake akapiga yowe, akamkumbatia Barasa kichwa, anampapasa uso kama anatafuta damu. Kuku wakatoka chini ya kiti wakakimbia sebule nzima. Mimi nikacheka. Nilikuwa peke yangu.

Barasa kamwambia mama, "Ni mchezo, mama. Mimi niko hapa." Mama hakumwachilia.

Baba yake akainuka kwa fimbo. Hakupandisha sauti. "Mwenzangu, mtoto wa mtu hauawi mbele ya mama yake. Hata kama ni mchezo. Wewe umeniita nitoke mbali nikuje kuona mwanangu akikufa?" Akachukua kofia. Ami akachukua mifuko. Hawakula. Hawakuonja hata maji. Mbuzi mzima, na watu wamekwenda na njaa hadi Bungoma. Sijawahi kusikia nyumba yoyote hapa iliyoachiwa chakula hivyo.

Wangari aliwafuata hadi barabarani. Alirudi peke yake akaanza kuosha sufuria ambazo hazikuwa zimetumika.

Kinyua aliomba CD yake. Nikampa. Alikwenda bila kuaga.

Nimeshinda. Nilisema ukianguka hatuzungumzi, na ameanguka.

Jumatano, 17 Agosti

Nyama imeharibika. Wangari kagawia majirani iliyofaa. Amenuna. Atasema. Mama yake pia alikuwa akinuna, siku tatu, halafu anachoka.

Jumamosi, 20 Agosti

Barasa kaja amevaa sare. Hakuingia. Kanirudishia kitabu kwa mikono miwili. "Mzee wangu, baba amekataa. Mimi siwezi kupita neno lake." Ameomba uhamisho, ataondoka mwisho wa mwezi. Nikamuuliza kama alikimaliza kitabu. Alisema alikimaliza. Macho yake yalikuwa mekundu na nilifurahi kuyaona.

Wangari alikuwa amesimama mlango wa jikoni. Hawakusalimiana kwa mkono. Alimwambia, "Enda salama." Barasa akapiga saluti, sijui kwa nani, akaenda zake.

Jumapili, 21 Agosti

Usiku nilimsikia Wangari akilia. Kuta za mbao hazifichi. Nilitaka kubisha. Sikubisha. Ningesema nini? Kwamba nitamnunulia kitu?

Jumamosi, 27 Agosti

Nilimwita Wangari, akaja. Kakaa kiti cha kulia. Kasoma ukaguzi wote, hakuruka hata neno. Mafuta? Yako. Taa? Ziko. Mlango? Umefungwa. Nimetua vizuri sana. Nikamwambia, umeona vile nimetua? Akauliza kama kuna kingine. Nikasema hapana. Akaenda kufua.

Amebaki. Hilo ndilo nililotaka na nimelipata. Chai iko kwa wakati, shati limepigwa pasi, ng'ombe wamekamuliwa. Sina la kulalamika. Nalalamika nini?

Jumamosi, 10 Septemba

Jua kidogo leo. Mlima wa kweli ulikuwa wazi tangu asubuhi.

Saa nne alikuja mama mmoja kutoka Timau kununua pedali. Zawadi ya mumewe, anatimiza miaka hamsini. Nilikuwa nyuma nikifunga waya. Nilimsikia akimsalimu Wangari pale mlangoni, wakazungumza habari ya mvua. Mama yule ana maneno mengi. Akauliza, "Na huyu mzee wa mandege ni babako?"

"Hapana," Wangari alisema. "Ni landlord."

Mwenye nyumba. Alisema kawaida, kama mtu anayetaja saa. Kisha akaniita nitoke, kuna mteja.

Nikatoka. Nikamwonyesha mama yule jinsi pedali zinavyofungwa chini ya meza, na waya upi unaingia wapi. Akauliza kama mumewe atahitaji programu nyingine. Nikampa CD ya mlima bure. Aliomba risiti, nikamwandikia.