Msingi Nilioutia Sahihi

Likasi, mtaa wa Shituru,
Ijumaa, 15 Machi 2024

Mpendwa mpwa wangu Adrienne,

Pokea salamu kutoka kitandani. Huko Kinshasa mnaendeleaje, na mgongo wa mumeo Exaucé umepoa? Mimi pumzi ni fupi, miguu imevimba. Daktari hanifichi tena. Binti yako Hadassa ni mzima, ila amenikasirikia.

Barua hii nampa dereva wa lori, kwa sababu simu ninayotumia nilipewa na Bertin, yule mkandarasi, na siku hizi hata sukari yake siitii kwenye chai bila kujiuliza.

Unakumbuka tulivyojenga shule kwa salongo, kazi ya mtaa mzima, kila nyumba ikileta matofali yake Jumamosi? Msingi ni mawe ya machimbo ya Kakontwe na udongo tu. Miaka sita iliyopita serikali ilitoa fedha za madarasa mapya. Bertin, aliyepewa kazi, alipiga lipu kuta zetu zilezile, akapaka rangi, akabadilisha mabati. Mimi, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, nikatia sahihi kwamba jengo ni jipya, msingi wa zege na nondo. Tuliogopa kwamba tukikataa, fedha zingerudi Kinshasa. Lakini nikuungamie na lililobaki: mabati yaliyo juu ya kichwa changu ni ya shule.

Sasa zimetoka fedha nyingine, za kuweka ghorofa juu ya madarasa hayo. Injinia hakuchimba mahali popote. Alisoma karatasi yangu. Kokoto zimekwisha kupandishwa, na watoto wangali wanasoma chini.

Nilipata habari hizo Jumatano, nikamtumia mkuu wa shule ujumbe. Hakujibu. Alhamisi, Bertin akawa mlangoni na maziwa ya kopo.

"Papa Floribert, ile nakala ya karatasi ungali nayo?"

"Niko nayo."

"Basi pumzika. Weye ulisaini na mukono yako. Njo leo unaanza kuogopa?"

Alicheka, huku macho yakipekua kabati langu.

Leo asubuhi nilimzuia Hadassa asiende darasani, nikamweleza kwa nini. Akaniuliza mimi babu yake, "Kambo, na benzangu?"

Nilikuwa nimekusudia kukuomba umchukue mtoto wako tu, nife kimya. Siwezi tena. Kesho ni salongo. Nitabebwa kwenye kiti hadi shuleni, niwaonyeshe wazazi kona ya kuchimba ili msingi uonekane. Padri ameahidi kumleta injinia. Padri naye simwamini sana, lakini sina mwingine. Nikizuiwa njiani, wewe uliye karibu na wizara, wapelekee barua hii.

Msalimie Exaucé na mdogo wako Laure. Mungu awalinde watoto wenu kuliko nilivyowalinda mimi.

Mjomba wako, anayekupenda hata ukimchukia,
Floribert