Gavana Aliyekalia Barua ya Mfalme

Erdington, Birmingham
Jumapili, baada ya kanisa

Kwako mdogo wangu Bochaberi,

Nakusalimu wewe, namsalimu mzee wako Kibet, nawasalimu watoto na wajukuu, na hata yule ng'ombe wako mkorofi anayepiga ndoo teke. Goti lako linaendeleaje? Ile dawa niliyokutumia ni ya kupaka, si ya kunywa, maana nakujua. Sisi huku hatujambo. Presha yangu inapanda na kushuka kama mtu asiyejua anakokwenda, lakini chakula kinapita. Binti yangu Kwamboka yuko hospitalini kazini siku zote, nyumbani tunamwona akija kubadilisha viatu. Mtoto wake Kemunto sasa ana miaka kumi na mmoja. Nikimsemesha Kiswahili anasikia kila neno, halafu ananijibu kwa Kiingereza, kama mtu uliyempa ugali akakurudishia sahani na mkate.

Usishangae nimekuandikia kwa mkono na simu zipo. Wewe ujumbe wa sauti unaufungulia jikoni, sauti juu, nyumba nzima inanyamaza isikilize. Hii nataka uisome peke yako. Mwandiko wangu ni ule wa ngumbaru, lile darasa la watu wazima pale kambini kwenye shamba la majani chai. Nilifundishwa kuandika kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili nitaandika. Ukitaka kuucheka, ucheke, lakini ufike mwisho. Alfayo wa kanisa letu anasafiri Jumanne, na ameniapia atakupa mkononi, si kwa jirani wala dukani.

Sasa sikia vituko vya Kemunto. Shuleni aliambiwa aandike historia ya magavana, akaja kuniuliza kama najua lolote. Mimi nisijue magavana? Nilikaa nikamweleza jinsi gavana wa kaunti kule kwetu anavyoahidi lami watu wakapata vumbi, na anavyokuja na magari tisa yenye ving'ora kufungua choo kimoja cha soko. Mtoto akajaza ukurasa na nusu. Kwamboka aliporudi akausoma, akaketi kwenye ngazi na koti lake akacheka mpaka akashika mbavu. Kumbe mwalimu alitaka magavana wa ngome ya mfalme, watu waliokufa zamani! Nilimwambia Kwamboka asinicheke. Gavana ni gavana, hata awe amekufa miaka mia saba.

Basi akina mama wa kanisa walikuwa wamepanga safari ya basi kwenda kuiona ngome yenyewe, Jumamosi iliyopita, nami nikaenda na mtoto ili aandike vizuri. Ni mawe matupu, Bochaberi. Nusu haina paa, upepo unaingia kwa dirisha moja unatokea kwa lingine, na watu wanapanga foleni kuona. Aliyetuzungusha ni mzee wa Kihindi mwenye kilemba, anaitwa Lakhbir, zamani alikuwa dereva wa basi hapa Birmingham. Aliponisikia nikimgombeza Kemunto afunge zipu, akageuka akasema, Jambo mama, mimi mtoto ya Kisumu. Nilitaka kumkumbatia. Kiswahili chake kimevunjika miguu yote miwili lakini kinatembea.

Kuna chumba kimoja bado kina paa, na ukutani kuna ubao mrefu wenye majina ya magavana wote kwa rangi ya dhahabu, na miaka yao. Lakhbir akatueleza kwamba mfalme alikuwa na ngome nyingi na makalio mamoja, hangeweza kuzikalia zote, kwa hivyo kila ngome aliiwekea mtu wa kuitunza. Mtu huyo, akasema, wakati mwingine aliitwa konstebo. Hapo nikamkatiza. Nikamwambia kwetu konstebo ndiye yule anayenyeshewa kwenye kizuizi cha barabara akiomba chai, huyo atapewaje nyumba ya mfalme? Lakhbir akacheka mpaka kilemba kikatikisika, akasema hapana cheka konstebo, mama, hapa konstebo ya ngome iko mkubwa sana.

Akaendelea na jina moja moja. Wa kwanza alijenga ukuta ukamwangukia. Mwingine alikaa siku kumi na moja tu, tumbo likamuua. Mmoja alifuga nguruwe kanisani. Mmoja alikufa maadui wakiwa nje, na mke wake akaishika ngome miezi minne na wapishi na wafua nguo, lakini jina lake halimo ubaoni, wameandika la mume. Nilisema hapo kwa sauti kwamba hiyo ndiyo kawaida, na akina mama wakapiga makofi. Wa mwisho mwisho hawakuishi pale hata siku moja, walipenda jina tu. Kemunto alikuwa anaandika mbio.

Halafu akafika kwa mmoja aliyekuwa gavana miaka thelathini. Mfalme alikuwa amekosana na ndugu yake wa tumbo moja, akamfungia ndani ya ngome ile, na gavana ndiye aliyemtunza. Baada ya miaka hasira ikamwisha mfalme. Akaandika barua: ndugu yangu nimemsamehe, mfungulie, aje tule pamoja. Gavana akaipokea akaikalia. Hakumwonyesha mfungwa. Kila mfungwa alipouliza kama kumekuja neno kutoka kwa kaka yake, alimjibu kwamba kaka yake hataki kulisikia jina lake. Mfungwa akafa hivyo. Mfalme akaambiwa kwamba ndugu yake alikataa kutoka kwa kiburi, naye akafa hivyo. Gavana akaendelea na ugavana wake miaka kumi na tisa, watu wakimwamkia, na barua ikaja kuonekana sandukuni mwake alipokuwa ameshazikwa, wakati wale waliostahili kuambiwa wote walikuwa mchangani.

Nilisema, Mshenzi! Nilisema kwa nguvu, Bochaberi, chumba kizima kikageuka. Wazungu wakamuuliza Kemunto nyanya yako anasema nini, naye akawaambia eti nyanya anaona historia hii inapendeza. Lakhbir aliyeelewa akanivutia kiti. Nilikaa. Wenzangu walidhani ni presha, wakanipa maji, nami nikawaacha wadhani hivyo. Lile tusi halikuwa la gavana.

Sasa soma polepole.

Wiki tatu zilizopita mjukuu wako Jepchirchir alimpigia Kwamboka akilia. Alisema harusi ni mwezi ujao, na wewe umekataa kumpaka mafuta kichwani na kumbariki, umesema atafutiwe bibi mwingine, kwa sababu mkono wa mwanamke aliyekataliwa na mama yake unakausha unachogusa. Kwamboka alinieleza nikiwa namenya viazi. Nilimjibu kwamba wewe ulikuwa hivyo tangu utotoni, mambo yako ni mengi, na nikaendelea kumenya. Hayo ndiyo niliyoyasema. Mungu alinisikia.

Mama hakukukataa.

Ulipoolewa na Kibet, mtu wa kabila lingine, alikasirika, hilo ni kweli, alisema maneno na kijiji kizima kiliyasikia. Lakini mwaka wake wa mwisho, alipokuwa hawezi tena kuketi, alinituma kwako. Alinituma mara tatu. Maneno yake ni haya, sijaongeza wala kupunguza: Mwambie Bochaberi aje na mume wake. Nilikasirika na hasira imeisha. Mtoto niliyemnyonyesha siwezi kumtema. Mara zote tatu nilimwambia nimepeleka habari na wewe umesema una shughuli.

Kisha ukaja mwenyewe, bila kuitwa. Unakumbuka ile mvua. Ulisimama kwenye lango na kibuyu cha mursik, yale maziwa ya mgando ya kwao Kibet, kanga imekuganda mwilini, nami nikatoka nikakuambia Mama amesema hana mtoto wa jina hilo, rudi kwa watu wako. Uliweka kibuyu chini ukaenda. Mbwa walikuwa wamebweka, na nilipoingia ndani Mama akaniuliza ni nani aliyekuja. Nilimjibu ni mtu wa kuuza makaa. Ile mursik niliinywa mwenyewe nyuma ya jiko, nimesimama. Siku ya tisa Mama akafa, na jina lako lilikuwa mdomoni mwake asubuhi ile ile.

Utauliza kwa nini. Nimejiuliza miaka ishirini na mbili na jibu ni dogo, naliona haya. Nilimgeuza kitandani, nilimwosha, nilimlisha uji kwa kijiko miaka mitatu, na kila nilipoinua kichwa chake aliuliza habari zako. Jina langu aliliita akitaka beseni tu. Nilikuonea wivu, mdogo wangu. Kwenye matanga watu walinisifu, wakasema Gesare ndiye mtoto, na wewe ulikuwa umesimama kule kwenye migomba, hukulisogelea kaburi. Nilikuona. Nilizila sifa zile na kukaa kimya.

Sikuombi unisamehe sasa. Msamaha una siku zake, na huenda siku hiyo isifike, nami sitakulaumu. Lakini hili nakuamuru kama mkubwa wako, hata kama ukubwa huo nimeuchafua: mtoto usimwache aende bila mkono wako. Mwite Jepchirchir, mkalishe chini, mpake mafuta kichwani, umbariki kwa jina la Mama. Ukimaliza mchukue Kibet mwende kaburini kwa Mama, wote wawili, kama alivyoagiza. Ndugu zetu wakiuliza kwa nini ulikaa miaka yote hiyo bila kufika, wasomee barua hii. Wasomee yote na jina langu. Usinifunikie.

Kwamboka bado hajui, nitamwambia akirudi leo, kabla hajavua koti. Atanitazama vile ninavyostahili.

Msalimie Kibet, na umwambie kwamba hakuna neno baya lililotoka kwa mama mkwe wake mwaka ule, yote yalikuwa yangu. Msalimie bibi harusi. Goti ulipake asubuhi na jioni. Usinijibu haraka, mbariki mtoto kwanza.

Ni mimi dada yako niliyetumwa mara tatu nisifike,
Gesare