Kiganja Ndani ya Mnara wa Gesi

Fundi Hemedi,

Shikamoo. Najua marahaba sitaisikia, lakini nikianza bila shikamoo utageuza uso ujifanye unatafuta koleo, kama ulivyonifanyia wiki yangu ya kwanza karakana. Kwa hiyo shikamoo, Fundi. Ni mimi Vero.

Kwanza habari za huku. Mkeo Mama Zuhura hajambo. Miguu inamsumbua, ila mdomo uko palepale. Juzi kanisema mbele ya wageni kwamba chapati zangu zingefaa kuziba matundu ya matangi. Redio yako ipo dirishani na bado inashika stesheni moja. Viatu vyako vya kazi hakuna aliyethubutu kuvivaa. Na sasa ni mimi wanayeniita Fundi. Mara ya kwanza kuitwa hivyo niligeuka nyuma nione wewe unaitikia.

Sasa nisikilize, maana hili ndilo lililonikalisha niandike. Tumefungua mnara.

Ule wa kusafishia gesi, kule shamba la mkonge, kazi yako ya mwisho. Mwaka mzima ile gesi ya mabaki ya mkonge imepita mle ioshwe kwa maji kabla ya kwenda kwenye jenereta. Unaikumbuka harufu yake ya mayai viza? Ilikuwa inatufuata mpaka nyumbani, na Mama Zuhura akawa anakulaza barazani. Ulinifundisha kwamba kinachonuka ndicho kinachokula: kikikutana na maji kinakuwa tindikali, na chuma hakina pa kukimbilia isipokuwa nyuma ya rangi yetu, epoksi ya kuchanganya makopo mawili, tabaka tatu. Injinia wao, yule kijana mwembamba, alishatuambia waziwazi kwamba rangi ikiwa imeshindwa, kazi zote za mtambo atapewa mtu mwingine.

Watu wa mtambo wakauacha wazi siku mbili upigwe hewa, wakapima, wakasema hakuna gesi. Nikaingia na taa. Fundi, ungefurahi! Ukuta ulikuwa unang'aa kama bakuli lililotoka kuoshwa. Nikagonga kwa sarafu toka chini hadi juu, kama ulivyokuwa ukigonga wewe, huku nimetega sikio, na kila mahali mlio ni uleule mkavu wa rangi iliyoshika. Nikaanza hata kuimba. Kisha nikageuka nitoke, taa ikamulika pembeni mwa tundu la kuingilia, lile tunaloliita mlango.

Malengelenge. Madogo madogo, kama ya mtu aliyerukiwa na mafuta ya moto, mengine yamepasuka na kuchuruzika maji ya kutu. Nikasogea. Yalikuwa yamejipanga, Fundi. Kiganja kizima, kidole gumba, cha kati, na vile viwili vya mwisho. Na cha shahada kimeishia nusu.

Nilikaa chini mlemle.

Kidole chako, ambacho korona, mashine ya kukamulia mkonge, ilikichukua nusu ukiwa bado kijana. Wewe! Wewe uliyekuwa ukinipiga kofi mkononi nikisogelea tu chuma kilichotoka kupigwa mchanga kuondoa kutu. "Usikishike, wee Vero! Mkono wako una chumvi kuliko samaki ng'onda!" Wewe uliyekataa maji ya kisima cha pale shambani kwa sababu yana chumvi chumvi, na chumvi ikibaki chini ya rangi huvuta maji, ukatubebesha madumu ya maji toka Muheza, watu wakacheka kwamba Mzee Hemedi anakiogesha chuma kama maiti. Ukishaosha unafuta kwa kipande cha kanzu yako kuukuu, unakipeleka juani, unakitazama uzi kwa uzi. Kikiwa na doa hata la kichwa cha sindano, tunarudia. Nilikuwa nakuchukia kwa saa nzima baada ya hapo, kisha unaninunulia machungwa na mimi nasahau.

Injinia akaingia, akaangalia, akatikisa kichwa. "Mzee kajiponza mwenyewe," akasema. "Kakataza dunia nzima, kashika yeye." Hakusema kwa ubaya. Wenzetu wakainamisha macho kwa aibu, maana kidole kile kila mtu anakijua.

Nami nikanyamaza. Hilo ndilo nililokuja kukuambia. Nilisimama pale na kinywa changu, kinywa hiki ulichosema hakina mlango, nikaacha lawama ikulalie wewe.

Kwa sababu niliikumbuka ile siku. Ulitoka ndani ya mnara bila glovu ya kulia, umelowa jasho, ukakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Uso ulikuwa wa majivu. Nikauliza, ukasema, "Ni hili jua tu." Mimi nilikuwa nakoroga rangi, nina haraka, unyevu ulikuwa unapanda na chuma kingeshika kutu wakati wowote. Ukasema taratibu, "Vero mwanangu, pale karibu na mlango paoshe tena."

Nikajibu, "Nishapaosha, Fundi."

Ni kweli nilikuwa nimepaosha. Asubuhi. Nilidhani unanisumbua kama kawaida yako, ilikuwa mara ya tatu siku hiyo. Ukanitazama, ukaitikia kwa kichwa. Hukuuliza tena. Mtu ambaye hukuwahi kuamini hata lebo ya kopo, uliniamini mimi, na mimi nikapaka juu ya mkono wako bila kuangalia. Wiki tatu baadaye tulikuwa kwako, wanaume wanakupeleka makaburini, na mimi nimebaki uani na kinamama nikikuna nazi, sikupata hata pa kukuagia.

Jioni ile ya mnara nilikwenda kwa Mama Zuhura na picha kwenye simu. Nilimweleza yote, la "nishapaosha" pia. Aliipokea simu. Kisha akaweka kiganja chake juu ya kioo, picha ikawa inakimbia kimbia chini ya vidole vyake, na hakujali. "Ndio huu," akasema. "Ndio mkono wake." Ndipo akaniambia kwamba siku ile ulibanwa na kifua mle ndani, ukashika ukuta usianguke, na ukamkataza asiniambie. "Alisema Vero akijua ataacha rangi ikauke ndooni, apige kelele mpaka Pangani."

Ningepiga, Fundi. Wallahi ningepiga, Mkatoliki mimi. Ningekubeba mgongoni mpaka hospitali na mnara ungeoza tu! Nimekukasirikia kwa hilo na bado sijamaliza.

Kesho yake nilimfuata injinia nikamwambia: fundi alishika kwa sababu alikuwa anaanguka, na aliniambia nioshe, nami sikuosha. Nikataka aandike hivyo kwenye ripoti, na jina langu kamili, Veronika. Nilijua naweza kuwa nimeichoma kazi ya karakana nzima. Akanitazama, akatazama tena ule ukuta uliobaki mzima, mnara wote isipokuwa shibiri moja. Akaandika. Kisha akasema, "Basi ondoeni hapo, mrudie. Na uoshe wewe." Kuhusu kazi zilizobaki hajasema neno mpaka leo, nami sijamuuliza.

Kuondoa, Fundi. Unajua maana yake. Nilisimama na grainda mkononi, nimevaa glovu zote mbili, nikashindwa kubonyeza. Ulikuwa umebaki hapo mwaka mzima. Kwingine kote umeshafuliwa, umeshafagiliwa, hata kofia yako Mama Zuhura amemgawia shemeji. Nikafikiri, nipake tu juu, nani atajua? Nikasikia kabisa ukisonya. Kutu ingetembea chini kwa chini, na siku moja gesi ile ingetoboa na kumtokea mtu usoni. Nikabonyeza. Nililia ndani ya barakoa, jambo la kijinga, kioo kikajaa ukungu. Kidole kilichoishia nusu nilikiacha mwisho.

Nimekukosa sana. Mikono yangu imekukosa, haijui ijivute upesi kwa kumwogopa nani.

Barua hii naiweka kwenye sanduku lako la misasa, chini ya kile kipande cha kanzu, ambacho hakitatumika tena kwa kazi yoyote. Nimekata kipya kutoka shuka langu. Mtu akiniambia rudia, nitarudia, na nikimwona mtu wangu ana uso wa majivu nitaacha rangi ikauke ndooni. Hayo mawili nakuahidi. Lala salama, Fundi wangu.

Na pale karibu na mlango nimepaosha. Mara tatu, kwa maji ya Muheza, na kitambaa nimekipeleka juani.

Vero