Machozi Uliyoyapeleka Kanduyi

Doha, Jumapili mchana

Kwako Baba Nekesa,

Mwili wangu ni mzima, namshukuru Mungu. Natumai hapo Kibomet mmeamka salama, mahindi yamepaliliwa na kikohozi cha Nekesa kimepona. Huku joto limezidi, na bibi ninayemtunza hataki kulishwa na mtu mwingine ila mimi.

Roho ndiyo usiniulize. Nina wivu, na nimeuandika kwa sababu kwenye simu najifanya mpole.

Dada yako alinipigia Jumanne akicheka. "Mama Nekesa, kuja uone maajabu! Ati siku hizi bwana yako anapika ugali, halafu anauliza mtoto anasikia aje kwa roho. Si huyo mama wa Kanduyi amemlekebisha, bana!" Nilicheka naye. Alipokata simu nikanuna kama mtoto aliyenyimwa chapati.

Najua mama huyo ni mshauri tu, na mimi ndiye niliyekusukuma uende, kwa vile hukuwa unalala vizuri tangu tumzike mwanetu Simiyu. Hata ulipochagua kwenda mpaka Kanduyi, kule Bungoma, kila Alhamisi, ili watu wa hapo Kitale wasikuone ukaitwa mwendawazimu, nilikubali. Sikujua kwamba angempata kwa miezi miwili mwanamume niliyemtafuta miaka kumi na miwili.

Kwenye kozi ya kutunza wazee tulisoma saikolojia kidogo. Mwalimu alisema haiba za watu hazifanani, wengine husema yote, wengine huweka ndani. Kwenye mtihani tukaulizwa kama msimamo wa mtu mzima unaweza kubadilika. Nikaandika hapana, nikakutoa wewe mfano bila kukutaja jina. Alininyima alama zote, akaandika kwa wino mwekundu kwamba mtu akisikilizwa bila kuhukumiwa hubadilika polepole. Nilimbishia mpaka akachoka.

Sasa naona mimi ndiye niliyekuhukumu. Siku ya mazishi nilijitupa chini, nawe ukasimama wima kama walivyokufundisha siku ya kutahiriwa, hata kope hukupepesa. Wazee wakakusifu. Mimi nikawaambia wanawake jikoni, "Huyu ni jiwe, kifo cha mtoto hakikumuuma." Nadhani ulinisikia, maana ulikuwa umesimama mlangoni ukitafuta maji.

Halafu wiki jana unaniandikia kwamba umelia mbele ya mama huyo, akakupa kitambaa. Baba Nekesa, niliumia! Yeye hakumbeba Simiyu mgongoni. Hajui hata alivyokuwa akicheka. Amepewa machozi yako bila jasho, mimi nimepewa habari tu.

Nisalimie mama mkwe huko Sirisia, umwambie magoti yake nayaombea. Dada yako mwambie nitamjibu nikirudi. Nekesa mbusu kwa niaba yangu.

Sikukatazi kwenda Kanduyi. Amekusaidia, namshukuru, ingawa namshukuru nikiuma meno. Lakini Alhamisi moja tu usiende. Nipigie mimi. Sina la kukufundisha wala sitakuita jiwe tena, na ukitaka kunyamaza, nyamaza. Tulimzika pamoja yule mtoto, lakini mpaka leo nimemlilia peke yangu.

Ni mimi mkeo,
mama yao wote wawili