Rangi ya Kuzuia Kutu

Baba,

Ami Kenji amefariki. Nimeona nikwambie mie mwenyewe, maana hakuna mwengine aliyebaki wa kukwambia. Mkewe alinipigia simu nikiwa kazini, nimesimama kwenye korido ya nyumba ya wazee na trei ya dawa mkononi. Kiingereza chake unakijua, kidogo sana. Alisema, "Kenji, amekwisha," halafu tukawa tunasikilizana tunavyopumua. Nikaiweka trei chini nikakaa palepale sakafuni. Bibi mmoja ninayemhudumia akaniuliza kama nimeanguka.

Mapafu, Baba. Yaleyale.

Nakuandikia mezani kwa Mama, hapahapa Lewisham, nyumba ileile. Mama yuko jikoni anachambua mchele. Anajua ninachofanya. Naandika kwa Kiswahili kama ulivyotaka. Wanangu wananielewa lakini wananijibu kwa Kiingereza, na mie nimechoka kugombana nao.

Wajua kwamba mie nilikujua kwa sababu ya ile timu yenu ya mpira? Mama alinileta London kwa kaka yake nikiwa mdogo, na wewe ulikuwa huko Japani, jina kwenye bahasha na sauti ya simu inayokatikakatika. Ulipokuja hatimaye nilikuwa tayari msichana wa skuli. Pale uwanja wa ndege ulinipa mkono kama unamsalimia afisa. Mwezi mzima tulipishana kwenye ngazi hatujui tuseme nini. Mpaka siku moja nilikuwa natazama mpira kwenye televisheni, ukaja ukakaa ukingoni mwa kochi, ukasema, "Huyu beki wa kushoto analala." Nikakujibu, "Tangu kipindi cha kwanza." Hapo ndipo tulipoanza.

Baada ya hapo ulinihadithia yote. Kwamba ulishuka melini kwenye ule mji wa bandari ukiwa umevunjika mguu, meli ikakuacha, ukapata kazi ya kupaka rangi kwenye yadi ya meli. Kwamba timu haikuanzishwa na mabwana wa yadi. Walioianzisha ni wapaka rangi na wachomeleaji, waliouomba uwanja wa udongo nyuma ya ghala wapate kucheza. Jezi hawakuwa nazo. Wakachukua fulana zao wakazichovya kwenye ile rangi ya kwanza inayopakwa chuma kuzuia kutu, nyekundu iliyokolea kama tofali. Zikakauka ngumu kama ubao. "Ukikimbia zinakuchuna chuchu," ulisema, na Mama akapiga kelele kutoka jikoni, "We Hamadi! Mbele ya mtoto!" Ilikuwa mara ya kwanza kukuona unacheka mpaka unashika ubavu.

Baadaye yadi ikaichukua timu ikawapa jezi za kweli, lakini rangi ikabaki ileile. Wewe ndiye mgeni peke yako, beki wa kushoto. Kenji alikuwa golikipa. Ulimi wake haukuweza kulitamka jina lako, akawa anakuita Hamaji, nawe hukumsahihisha. "Si uongo," uliniambia. "Mie mhamaji kweli."

Yadi ilipopunguza watu wakaanza na wageni, ndiyo ukaja kwetu, ukapata kazi ya kufua mashuka ya hospitali. Na wewe uko huku, ndipo timu ikafanywa ya kulipwa. Ligi mpya, uwanja mpya, wachezaji kutoka Brazili. Kenji akawa anakutumia kanda za video. Unakumbuka ile ya mwanzo? Deki yetu haikuielewa. Picha ilikuja nyeusi na nyeupe, inapanda juu na kuruka kama imepandwa na shetani. Ukaitazama yote hivyohivyo.

Mtu kazini akakwambia kuna Mhindi huko Kenton anauza deki zinazosoma kanda za nchi zote. Tukaenda, mie na wewe. Bwana Jayanti, Mungu amweke, alikuwa kwenye ngazi anapanga redio. Kusikia tunasemezana akateremka. "Nyinyi watu wa wapi? Mie mtoto wa Mwanza!" Akaiweka kanda kwenye deki ya dukani, na ile rangi ikajaa kioo kizima. Uwanja mzima mwekundu wa tofali, wanawake kwa wanaume, vitoto mabegani. Ulisimama mbele ya kile kioo na kofia mkononi. Bwana Jayanti akazima redio zake zote.

Halafu ikaja ile simu ya Kenji. Mama ndiye aliyeipokea, akakupa. Ulisikiliza, ukajibu Kijapani maneno machache, ukaweka simu chini taratibu. "Wanatuunganisha," ulisema. Nikauliza na nani. Na mahasimu wenu, timu ya upande wa pili wa mji uleule. Yadi imepata hasara, mabwana wa pande mbili wamekaa chumbani wakakubaliana, na mashabiki wamesoma kwenye gazeti. Jina litapotea, rangi itapotea. Wamesema watawaachia mstari mwekundu kwenye mkono wa jezi.

"Muungano," ulisema. Ulilitamka hilo neno kama mtu aliyetafuna jongoo. Sisi Wazanzibari wa nyumba ile hatukuhitaji maelezo. Mama alikuja akakuwekea chai, akakugusa bega, yeye ambaye hakuwahi kuipenda ile timu hata siku moja, maana ndiyo iliyokaa na mumewe miaka ambayo yeye hakukaa naye.

Kenji akasema wanakusanya saini za kupinga, stesheni, kwenye mvua. Basi na wewe ukakusanya zako. Nilikufuata sokoni Lewisham, nimevaa kofia ya koti nisionekane na wenzangu. Ukamsimamisha muuza samaki, mama wa Kinaijeria wa vitambaa, wachungaji wawili wa kanisa, wafuaji wenzako wote. "Ni timu gani hii?" waliuliza. Ukawajibu, "Timu yangu. Wanataka kuiua." Wakatia saini. Hakuna aliyejua mji ule uko wapi, na hakuna aliyekataa. Bwana Jayanti akazipeleka kwa faksi. Jibu halikuja, si kwako wala kwa wale wa stesheni.

Siku ya mechi ya mwisho ulikuwa umetoka kuswali alfajiri, bado uko juu ya msala, simu ikalia. Kenji alikuwa kwenye kibanda cha simu uwanjani. Aliutoa tu mkono wa simu nje ya mlango. Ukaniita tukaegesha masikio pamoja. Mpira ulikuwa umekwisha, sare, na watu wamekataa kuondoka. Walikuwa wanaimba. Kwa mbali, kama bahari inayosikika chumbani. Halafu sarafu za Kenji zikamalizika na simu ikakatika. Ulibaki umeishika.

Kikohozi kilikuwa kimeshaanza siku zile. Tulisema baridi. Tulisema mvuke wa kufulia. Mpaka yule dakta kijana akakuuliza kama uliwahi kufanya kazi na asbesto, mie nikikutafsiria, na wewe ukatabasamu. "Mwambie tulikuwa tunarushiana kama pamba." Ilikuwa imejaa kwenye matumbo ya zile meli kuzuia moto, vumbi lake likiwaangukia mkipaka rangi, mkitoka humo weupe kama waokaji mikate, mkienda moja kwa moja uwanjani. Nikatafsiri. Dakta aliiweka kalamu chini, na mie nikaelewa kabla hajasema.

Kwenye basi nilikupigia makelele, watu wanatutazama. Nilisema hao watu wamekuua, na wewe umelia kwa ajili ya timu yao. Ulinisubiri nimalize. Ukasema, "Yadi ilikuwa yao, mama. Timu ilikuwa yetu." Ulizoea kuniita mama. Pumzi ya kusema zaidi hukuwa nayo.

Ya mwisho mwisho sitaki kuyaandika. Ulikuwa unakaa umeinamia mto mezani, maana kulala huwezi. Mama akikusugua mgongo na mafuta ya nazi, kutwa, hata pale ambapo haikusaidia tena. Naomba tu ujue kwamba nilikuwepo. Sijui kama ulikuwa unanisikia.

Kenji alifika tumeshakuzika. Hakujua kwamba sisi hatusubiri. Alisimama mlangoni na suti nyeusi na begi dogo, Mama akamwambia kwa mikono, jana. Nikampeleka makaburini. Aliinama mbele ya ule udongo mbichi, akakaa ameinama mpaka nikaogopa. Kisha akakohoa. Baba, nilikijua kile kikohozi. Nilimtazama, naye akanitazama, akatikisa kichwa nisiseme.

Yapo mambo yaliyotokea ambayo hukuyaona. Waliokataa kuufuata muungano walianzisha timu yao wenyewe, ya mashabiki, bila bwana. Walianza chini kabisa, uwanja wa kuazima, mabenchi ya kukunja. Kenji aliliandika jina lako miongoni mwa waanzilishi, Hamaji, kwa herufi zao. Lakini kabla ya mechi ya kwanza walikorofishana. Vijana walitaka ile rangi ya kuzuia kutu irudi. Wajane wa yadi, maana walishakuwa wengi, wakasema waume zao wamekufa na rangi hiyo kwenye ngozi na vumbi la yadi vifuani, wao hawataitazama ikikimbia. Kenji akanipigia. "Hamaji angesema nini?"

Nikampa Mama simu, nikatafsiri. Mama alisema, "Nilimpeleka mzima, wakanirejeshea kifua kibovu. Rangi hiyo siitaki hata kwenye kitambaa cha kufutia meza." Kenji akasema ahsante, kwa Kiswahili, neno ulilomfundisha wewe. Wakachagua nyeupe. Baadhi ya vijana walisusa wakaondoka na hawakurudi. Pengine wewe ungesimama na vijana, najua. Lakini walioulizwa ni walio hai, na Mama alikuwa na haki yake.

Timu ilipanda, taratibu, ngazi kwa ngazi. Msimu huu imerudi kwenye ligi ya kulipwa. Kenji aliipata habari akiwa na bomba la hewa puani. Mkewe anasema alitaka kupiga makofi, mikono haikukutana.

Na sasa sikiliza, hili ndilo lililonifanya nikae niandike. Ile yadi imebadilisha jina, imepata nafuu, imewapelekea ombi. Inataka kuirudisha timu mikononi mwake. Itajenga uwanja, itaweka picha za wapaka rangi wa zamani ukutani, wanasema, kuheshimu historia. Wagonjwa bado haijawatambua. Wapo wanaotaka kukubali, maana wamechoka na mabenchi ya kukunja, na siwalaumu. Waanzilishi wote wataitwa kwenye mkutano, na aliyekufa husemewa na mwanawe. Mke wa Kenji alipopiga tena aliyasema hayo taratibu mara mbili, ahakikishe nimefahamu. Wao hawakujaaliwa mtoto wa kumsemea Kenji.

Nimeomba likizo niende Japani, wamenipa. Nilidhani Mama atanikataza. Nilipomwambia aliendelea kukaanga vitunguu vyake kama hakusikia. Kisha akauliza, "Huko kuna baridi?" Nikasema ipo. Akasema, "Basi tununue koti moja zito, kwa sababu na mie nakwenda. Nitakaa mbele, wanione mkewe."

Baba, nakuaga hapa, wali umeshawiva na naitwa. Mungu akupe huko uliko pumzi pana isiyokatika, wewe na Kenji. Nakuahidi hili. Nitakaa ubavuni mwa Mama katika ukumbi huo nisimomjua mtu, wakilitaja jina lako nitasimama, wakiuliza nani anakataa nitainua mkono, na sitaushusha mpaka wauhesabu.

Mwanao,
Zuhura