Kifungu cha Nne na Ustadi wa Kubeba

Mshauri mpendwa,

Naomba msaada wako, na kabla ya hilo naomba usinicheke, maana mume wangu ameshanicheka kiasi cha kutosha nyumba nzima, na nikikaa nikafikiri sina hakika kwamba amekosea. Mimi ni mfamasia wa hospitali, msimamizi wa stoo ya dawa, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, na kwa miaka minne sasa nimekuwa nikicheza mchezo wa mtandaoni ambamo watu wasiojuana hukutana kupitia kompyuta zao, wakaunda vikosi na kupigana na majoka, kila mmoja akiwa amechagua kazi ya mhusika wake, huyu mpiga mishale, yule mchawi, na mimi nikachagua Mlinzi, kazi ambayo wengi huiona ya kuchosha kwa kuwa Mlinzi haui kitu, ila anao ustadi mmoja uitwao Kubeba, ambao kwa huo anaweza kulichukua jeraha la mwenzake likahamia mwilini mwake, mwenzake akasimama mzima, yeye akabaki akichechemea, na hawezi kubeba tena mpaka jeraha hilo lipone.

Mchezo huu nilifundishwa na mdogo wangu, fundi wa kushona viti vya magari, mwaka niliovunjika mguu nikakaa nyumbani miezi mitatu nikigombana na kuta, naye akaja kila siku baada ya kazi, vidole vimejaa gundi, akaketi kando yangu akisema, “Dada, acha kusoma maelezo, bonyeza tu!” Nilipopona nikaunda kikosi cha Walinzi, nikawa kiongozi wake, na kwa kuwa kwenye stoo yangu dawa kali huwekwa chini ya funguo mbili na haitoki bila saini, niliona ustadi mzuri kama Kubeba nao unastahili heshima ya namna hiyo, nikaandika kanuni, na kifungu cha nne kilisema kwamba hakuna atakayebeba kabla ya kufaulu mtihani, na hata aliyefaulu atabeba tu mwenzake akiwa anakata roho mbele ya joka kuu, kanuni ambazo, nasema kwa fahari kidogo, vikosi vingine vikubwa vilizinakili neno kwa neno.

Miezi saba iliyopita, katika pambano tulilolipangia wiki tatu, mdogo wangu alimbebea jeraha mchezaji mpya asiyejulikana na mtu, aliyekuwa ametumbukia kwenye tope kwa uzembe wake mwenyewe, na joka lilipofika mdogo wangu hakuwa na uwezo wa kubeba tena, tukashindwa, nami nikamsomea kifungu cha nne mbele ya watu arobaini waliokuwa wakisikiliza. “Dada, ni mchezo,” akasema. Nikamjibu kwamba kanuni ni kanuni. “Haya, bakini na kanuni, mpigane na joka kwa hizo hizo,” akasema, na kabla hajamaliza kucheka nikamwondoa kikosini, na tangu siku hiyo tukikutana kwa mama yetu tunasalimiana kama watu waliopanga foleni.

Sasa watengenezaji wa mchezo wametangaza kwamba katika toleo jipya, litakalotoka baada ya siku kumi na tisa, Kubeba kutaondolewa, kwa sababu hutumika katika mapambano mawili tu kati ya mia, na mahali pake Mlinzi atapewa ngao inayong’aa yenyewe, jambo ambalo kwangu ni sawa na kumnyang’anya mkunga mikono ukampa taa, kwa hiyo nikaandika waraka wa kurasa kumi na tisa kuhusu maadili ya kujitolea, nikakusanya saini elfu mbili, nikawaita watu wasio na moyo wanaohukumu kwa takwimu, nao wakanijibu kwa mistari miwili: wameshukuru, na wangefurahi kupokea mifano ya wachezaji wanaoutumia ustadi huo mara kwa mara. Nimepekua kumbukumbu za kikosi chetu. Mimi mwenyewe nimebeba mara kumi na moja katika miaka minne. Yuko mmoja tu aliyebeba mara mia nne na kumi na mbili, na ndiye mdogo wangu. Mume wangu anasema, “Kumbe shahidi wako ni yule uliyemfukuza mahakamani!” Sioni pa kushika. Nisaidie, mshauri: nimwombeje anipe ruhusa ya kutumia kumbukumbu zake bila kuifungua upya ile kesi ya zamani?

Mlinzi Mwenye Mashaka

JIBU LA MSHAURI

Mlinzi,

Mashaka unayojipa jina lake sikuyaona kwenye barua. Niliona mtu mwenye uhakika mwingi anayeomba apewe njia ya mkato.

Mimi si mchezaji. Kwa hiyo kabla ya kukuhukumu nilimwendea mpanga kurasa wa gazeti hili, ambaye hucheza, nikamsomea kifungu chako cha nne. Aliweka kikombe chini.

“Mama, hao nawajua,” akasema. “Labda si hao wenyewe, lakini ukoo wao. Niliwahi kuomba kujiunga na kikosi cha Walinzi, wakanipa mtihani. Mtihani, mama! Nimetoka kazini macho mekundu, nataka joka, napewa maswali.”

“Ukafanyaje?”

“Nikafeli. Nikahamia kwa wapiga mishale. Kule ukikosa shabaha wanakucheka, basi, mnaendelea.”

Umemsikia? Huyo ni Mlinzi ambaye hakuwahi kubeba hata mara moja, na hakuzuiwa na watengenezaji. Unawaita watu wasio na moyo kwa sababu walihesabu. Walihesabu nini, ndugu yangu, kama si utii wa watu kwa kifungu chako? Ulikichukua kitu ukipendacho, ukakipandisha juu ya kabati pamoja na sahani za wageni, ukamkemea kila aliyenyoosha mkono, na sasa umeshangaa kwamba mwenye nyumba amekiona hakitumiki na anataka kukitoa. Funguo mbili za stoo yako zina maana, kwa kuwa dawa ikitolewa ovyo mtu hufa na hafufuki. Kwenye mchezo wako, mpanga kurasa ananiambia, anayekufa huamka baada ya dakika moja kwenye lango la mji, na upanga wake mkononi. Ulikuwa unamlinda nani, na dhidi ya kitu gani?

Hapa yanipasa nisite, maana hasira ya mshauri nayo huwa haina mtihani. Mchezo una wachezaji wengi kuliko nitakavyoweza kuwaza, na huenda nakubebesha wewe uvivu wa watu wengi. Inawezekana kabisa kwamba hata bila kifungu chako wengi wasingependa kuumia kwa niaba ya mgeni. Hilo halipendwi sana hata nje ya michezo. Nimelifikiria kwa siku mbili. Lakini kila nikitaka kukuachia, nakumbuka kwamba vikosi vingine viliinakili kanuni yako neno kwa neno, na kwamba umeliandika hilo kwa fahari. Basi sehemu yako ichukue. Hata ikiwa ndogo, ni yako.

Tuje kwenye swali lako. Unauliza namna ya kupata kumbukumbu za mdogo wako bila kuifungua kesi ya zamani. Hakuna namna hiyo, na ingekuwepo nisingekupa. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Wewe ulimwambia, tena kwa kusoma kifungu, watu arobaini wakisikiliza. Na kosa lake lilikuwa nini? Alimwona mtu kwenye tope akamtoa. Kurasa kumi na tisa umeandika kuhusu kujitolea, na aliyejitolea mara mia nne na kumi na mbili umemweka nje ya mlango. Sasa unazitaka namba zake, yeye mwenyewe abaki hukohuko. Huo si upendo wa ustadi. Ni upendo wa cheo.

Fanya hivi. Leo, kabla ya chakula, futa kifungu cha nne. Usikirekebishe, usiunde kamati ya kukitazama upya. Kifute, uwaambie wanakikosi ni kwa nini. Viandikie na vile vikosi vilivyokinakili uviambie kwamba mwandishi wake amekikana. Jumamosi alasiri fungueni mlango kwa wachezaji wapya, na kila atakaye kubeba abebe. Watabeba vibaya. Watambebea aliyejikwaa, watamwacha anayekufa. Wewe jiume ulimi.

Kisha zitupe zile kurasa kumi na tisa. Waandikie watengenezaji nusu ukurasa, bila maadili, bila taa na mkunga. Sema: sisi tunaoupenda ustadi huu tuliwazuia wengine kuutumia, tumeacha, tunaomba mtuongezee miezi mitatu mkahesabu upya. Mtu anayepokea lawama mia kwa siku huenda akasimama kidogo akikutana na barua inayokiri kosa. Nasema huenda. Inawezekana pia kwamba toleo jipya limeshakamilika, na barua yako itasomwa na kijana mpole asiye na uwezo wa kubadilisha hata rangi ya kitufe. Hilo silijui, na yeyote atakayekuahidi kinyume anakudanganya. Iandike hata hivyo, kwa sababu ndiyo barua ya kwanza ya kweli utakayokuwa umewaandikia.

Mdogo wako usimwandikie. Wala usimpigie simu, maana kwa simu utaanza kusoma vifungu. Nenda kwenye karakana yake mchana wa kazi, peke yako, bila karatasi yoyote mkononi. Mwambie kwamba siku ile yeye alifanya sawa na wewe ulikosea. Useme hivyo tu, usiongeze “lakini,” usiongeze “hata wewe ungenielewa.” Akikuuliza umefuata nini, mwambie umefuata hilo, na hakikisha ni kweli kabla hujavuka kizingiti. Toleo jipya usilitaje. Siku kumi na tisa zikipita na ustadi ukaondoka kwa sababu hukumwomba, uache uondoke.

Na huenda asikujibu. Umemnyamazia miezi saba. Naye ana haki ya kukunyamazia dakika chache. Akiendelea kushona, tafuta pa kukaa, ukae.