Watakaolala Kwangu Usiku wa Sensa

Jumatatu, 12 Agosti 2002
Mwenyekiti wetu wa kitongoji, Filemon, kapita kutangaza sensa. Kila mtu ataandikwa pale alipolala usiku wa Jumamosi tarehe 24. Kaichungulia nyumba yangu na vyumba vyake vyote, akacheka: eti kwangu karani hatakaa sana, mama na kitinda mimba wake, basi! Mjinga yule. Nilimfundisha mimi huyo darasa la nne. Kwenye mtihani aliandika msongamano wa watu ni vurugu!

Ila imeniuma. Nimezaa sita. Miaka yote nilisimama ubaoni nikiwaimbisha sababu za watu kuhama — ardhi finyu, ajira, elimu — na wanangu walishika somo kuliko wote. Wakafaulu, wakahama! Kabaki Sifael. Kwa mila yetu mtoto wa mwisho wa kiume ndiye hurithi nyumba ya mama na kihamba, shamba la migomba na kahawa linaloizunguka. Naye akiondoka, nitaongea na migomba.

Alhamisi, 15 Agosti
Nimeshuka Himo kupiga simu. Elimringi, mkubwa wangu, yuko Dar. "Mama, Agosti? Si tutakuja Krismasi." Gladness wa Arusha naye — Krismasi. Desemba mlima huu unajaa magari mpaka mbuzi wanakosa pa kupita, Januari kimya. Serikali nayo inahesabu Agosti! Nikasema naumwa. Gladness akasema atanitumia dawa kwa basi. Dawa!

Ndipo nikakumbuka kwamba mimi ni Mchaga na nimezaa Wachaga. Nikapiga tena, wote: njooni tarehe 24, kuna kikao cha kihamba. Sikuongeza neno. Elimringi papo hapo: tuje na mpima ardhi? Loo! Nimecheka njia nzima kupanda.

Jumanne, 20 Agosti
Sifael kasikia habari za kikao kwa Filemon. Alikuwa ametoka kukamua ng'ombe, anapogoa kahawa, akaniuliza: "Mama, kuna nini cha kujadili?" Nikamwambia subiri utaona. Nataka acheke siku yenyewe. Tena hana siri, atawaambia nduguze wageuze njiani.

Hakuuliza tena. Machalari ya jioni, ndizi na nyama anazozipenda, kabakiza. Kuna rafiki yake wa Bomang'ombe ana duka, anamwita kila mara akauze naye. Mimi nakataa kila mara.

Jumamosi, 24 Agosti
Wamefika wote! Nyumba imejaa mpaka stoo. Wajukuu ndio haba — mimi sita, wao wawili wawili, Gladness mmoja. "Anatosha, mama, ada!" Mmoja si mtoto, huyo ni kionjo! Na Kichaga hawajui hata salamu, wanakohoa tu kwa moshi wa jikoni. Lakini nimefurahi, jamani, nimefurahi.

Elimringi kaja na futi, kaanza kupima migomba ya chini kabla ya chai. Nimemwacha ajifurahishe. Sifael alisimama mlangoni akitazama. Kitanda chake nimempa kaka yake. Akasema hamna shida, atalala kwa rafiki. Afadhali, nafasi imepatikana. Kikao nimesema kesho, karani akishaondoka.

Jumapili, 25 Agosti
Karani kaja asubuhi, Filemon kaongozana naye. Nimewapanga sebuleni kama kwaya. Filemon mdomo wazi! Utamu ulioje.

Kisha akanipa pole ya Sifael. Pole ya nini? Eti jana jioni alikutana naye anashuka na begi. Kasema nyumba imepata wenyewe, yeye anakwenda kulala Bomang'ombe, Jumatatu anaanza kazi dukani.

Nikawageukia wanangu: hakuna kikao, ilikuwa mbinu yangu mhesabiwe nyumbani! Elimringi kakunja uso: "Mama, nimeomba ruhusa kazini kwa ajili ya mbinu?" Wala hakuuliza mdogo wake yuko wapi.

Karani akasema samahani bibi, kuna mwingine anayeishi hapa? Nikamwambia Sifael! Mwandike, koti lake lile pale ukutani. Kijana wa watu akajibu kwa adabu: aliyelala Bomang'ombe anahesabiwa Bomang'ombe. Najua! Hata kanisani nilitangaza mwenyewe.

Nimekimbilia chumbani. Naandika, nafuta macho. Karani bado ananisubiri. Nje ng'ombe analia, kiwele kimejaa, saa yake imepita. Nimefungua mlango nikawauliza nani anajua kukamua.

Wanatazamana.